Mgongo wa Kamera

Kuna picha moja ya Homa Bay ambayo ningefanya safari ndefu kwenda kuiona, shida ni kwamba haipo. Ilipigwa mwaka 1932 huko Kanam, chini ya Mlima Homa, karibu na ziwa. Juma Gitau, aliyekuwa kwenye msafara wa Louis Leakey, alikuwa amepata kipande cha taya la binadamu ndani ya jiwe. Leakey, ambaye hakuwa hata na miaka 30, aliamini kwamba taya hilo ni la kale kuliko chochote cha aina yetu kilichowahi kuonekana. Alipigilia vigingi vya chuma kuonyesha mahali penyewe, akapiga picha, akarudi Uingereza na mfupa wake. Mwaka 1933 wanasayansi walikaa kikao Cambridge, wakamsikiliza, wakamkubalia.

Halafu Percy Boswell, profesa wa jiolojia kutoka London, akasema anataka kupaona kwa macho yake. Walipofika Kanam, vigingi havikuwepo. Mvua ilikuwa imekula makorongo na sura ya mahali imebadilika. Picha alizopiga Leakey hazikuwa zimetoka, kwa sababu kamera yake ilikuwa na hitilafu. Ile picha nyingine iliyokuwa imeonyeshwa London pamoja na taya ikagundulika kuwa ni ya mahali tofauti kabisa. Machi 1935 Boswell aliandika haya yote katika jarida la Nature, na sifa ya Leakey ikapata pigo lililomsumbua miaka mingi.

Kama umewahi kusikia hadithi hii, nina hakika uliisikia na kicheko ndani yake. Kicheko chenyewe huangukia vigingi: eti wavuvi wa Kijaluo waliving'oa wakavifua kuwa vyuma vya kuvulia samaki! Msimuliaji hutabasamu, msikilizaji hutabasamu, kisha kamera inatajwa kwa nusu sentensi na hadithi inaendelea. Nataka tuanzie kwenye hiyo nusu sentensi. Mtu aliyeokota chuma shambani kwao hakuwa ameahidi sayansi chochote. Kamera ndiyo iliyokuwa imeahidi.

Sisi tunaoandika kuhusu picha katika majarida kama hili tuna tabia moja. Tunapenda jicho. Tunauliza nani anamtazama nani, mpigapicha alisimama wapi, mkoloni alimpanga vipi mzee wa kijiji mbele ya nyumba. Haya ni maswali halali na nimeyaandika mwenyewe zaidi ya mara moja. Lakini yote yanatazama mbele ya kamera, kwenye lenzi. Hatuendi nyuma kuuliza filamu ilishikwa na nini. Mgongo wa kamera, yaani ile sehemu inayobeba filamu, kuilaza sawa na kuikinga na mwanga, tunauachia mafundi na watu wa vifaa. Mimi nadhani hapo ndipo historia nyingi ya picha za Nyanza imeamuliwa. Huwezi kuhakiki mtazamo wa picha ambayo haikutoka.

Hebu linganisha Kanam na kazi nyingine ya miaka hiyohiyo. Mwaka 1936 mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard alikaa miongoni mwa Wajaluo kwa muda mfupi na kupiga picha. Negativu zilitoka, zikahifadhiwa, zikaishia Pitt Rivers, jumba la makumbusho la Oxford. Mwaka 2007 Gilbert Oteyo na Christopher Morton walileta nakala za picha za zamani Nyanza katika maonyesho yaliyoitwa Paro Manene, maana yake kutafakari yaliyopita. Unaweza kubishana na Evans-Pritchard kadiri unavyotaka: alikuja chini ya serikali gani, aliona nini, hakuona nini. Ubishi huo unawezekana kwa sababu kuna picha mezani. Picha iliyohifadhiwa inaweza kurudi nyumbani na kupewa majina upya na watu wanaozijua zile sura. Iliyoungua kwa mwanga hairudi, na wenyeji hawapati hata nafasi ya kusema, "Hapana, hapa si Kanam."

Nilianza kufikiria haya kwa sababu ya jambo dogo. Rafiki yangu aliniazima Sputnik, kamera ya stereo iliyotengenezwa Leningrad enzi ya Kisovieti. Stereo ni wazo rahisi: lenzi mbili zilizoachana takriban kama macho yetu, yaani milimita 65 hivi, zinapiga picha mbili kwa pamoja. Kila jicho likiona picha yake, ubongo unaziunganisha na unapata kina. Sputnik hutumia filamu ya 120, ile pana yenye karatasi mgongoni, na hutoa jozi 6 za picha za mraba kwa roli moja. Nia yangu ilikuwa kwenda nayo Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori, nipige zile kuta.

Kabla ya Migori nilipitia Homa Bay kufanya majaribio. Nilisimama karibu na maji asubuhi, jua likiwa bado la upole, nikamaliza roli nzima: mashua, nyavu zilizoanikwa, Mlima Homa kwa mbali. Filamu ilipotoka kusafishwa, nusu yake ilikuwa na ukungu. Mwanga ulikuwa umeingia ndani na kurukaruka kwenye plastiki inayong'aa. Nilikuwa nimepuuza jambo ambalo kila mtu anayeifahamu kamera hii atakuambia: ipake rangi nyeusi isiyong'aa ndani kwanza, na ziba kile kidirisha chekundu cha nyuma. Lawama ni yangu. Lakini nilipoinua negativu zile dirishani, ziwa likiwa limemezwa na wingu jeusi, nilimfikiria Leakey kwa huruma ambayo sikuwa nayo awali.

Nilimwonyesha mzee mmoja aliyewahi kuendesha studio mjini, siku zile watu walipokuwa wakija na suti ya kuazima kupiga picha ya kutuma kwa jamaa. Akazitazama muda mrefu.

"Jaduong', unaonaje?" nikamuuliza.

"Naona ulikuwa na haraka," akasema. "Filamu uliifungia wapi, juani?"

"Juani, ndiyo."

"Nyathina, sisi tulikuwa tunaingia chini ya koti. Hata kama watu wanacheka."

Akanieleza kwamba mteja hakuwa anajua kitu kuhusu lenzi, wala hakujali. Alichojua ni kwamba amelipa, na Jumamosi anakuja kuchukua picha. Ikiharibika, huwezi kumwambia arudi na uso wa siku ile. Kwa hiyo pesa ya kwanza iliyopatikana studio ilikwenda kwenye kile kinachoshika filamu: sponji za mlango wa kamera, springi ya kubana, kibao kinacholaza filamu. "Lenzi yenye mkwaruzo bado inapiga picha," alisema. "Mlango unaovuja haupigi chochote."

Haya ndiyo maneno bora ya uhakiki wa picha niliyosikia mwaka huo, na hayakutoka kwa mhakiki.

Tuje kwenye uchaguzi wenyewe sasa, maana ndani yake kuna hoja kubwa kuliko vifaa. Mtu anayetaka kupiga stereo kwa filamu pana ana njia tatu hivi. Ya kwanza ni mgongo wa roli: chukua kamera kubwa, weka lenzi mbili mbele, kigawanyo katikati, na nyuma funga mgongo wa roli wa 6x12. Fremu moja ndefu inabeba picha zote mbili kando kwa kando, na roli ya 120 inakupa jozi 6. Ya pili ni vishikilia vya filamu ya vipande, vile vya inchi 4 kwa 5. Kila kimoja kinabeba vipande viwili, kimoja kila upande, kila upande na kifuniko chake cha kuvuta. Picha mbili za mraba zinaenea vizuri kwenye kipande kimoja. Ya tatu ni kamera mbili kando kwa kando, kila moja na mgongo wake.

Ya tatu ndiyo inayowavutia wengi kwa sababu inaonekana rahisi, nami naikataa kwanza. Migongo miwili ni matatizo mawili yasiyofanana. Katika picha ya kawaida filamu ikibinuka kidogo, unapata kona isiyo kali, basi. Katika stereo, kina chote kinatokana na tofauti ndogondogo kati ya picha ya kushoto na ya kulia. Filamu ya kushoto ikibinuka na ya kulia ikalala sawa, tofauti hiyo ya uongo inasomwa na ubongo kama umbali. Ukuta ulionyooka unapata tumbo. Ule mstari wa mwanga ulioingia upande mmoja nao unaonekana na jicho moja tu, kwa hiyo unametameta mbele ya picha na macho yanagombana. Stereo haisamehi mgongo mbovu. Inauchukua udhaifu wake na kuugeuza kuwa mandhari.

Kuna kosa jingine ambalo ni la stereo peke yake. Lenzi hupindua picha, kwa hiyo jozi iliyokaa pamoja kwenye filamu moja lazima ikatwe na kubadilishwa pande kabla ya kutazamwa. Ukisahau, kina kinageuka ndani nje. Kilichokuwa mbele kinakwenda nyuma, na mlima unakuwa shimo. Picha zote mbili ni za kweli, hakuna iliyoguswa, na bado unachokiona ni uongo. Nikisoma habari za ile picha iliyoonyeshwa London kwa jina la Kanam, nakumbuka hili. Ilikuwa picha halisi ya mahali halisi, ila imewekwa upande usio wake.

Wanaobaki ni roli na kipande, na mgogoro wao ni wa zamani. Kampuni ya Ujerumani ya Franke & Heidecke ilianza na kamera ya stereo ya bamba za kioo, Heidoscop. Mwaka 1926 ikatoa ndugu yake wa roli, Rolleidoscop, na kutoka ukoo huo mwaka 1929 ikazaliwa Rolleiflex, ambayo wapigapicha wa studio wa Afrika, Malick Sidibé wa Bamako akiwemo, walikuja kuifanya chombo chao cha kazi. Yaani kamera ile ya mraba ya kutazama kwa juu, iliyotupa sura nyingi za wazazi wetu wakiwa vijana, ni mtoto wa kamera ya stereo iliyobadilisha mgongo. Roli ilishinda kwa sababu ni nyepesi na ni ya haraka. Mtu anaweza kucheka mbele yako bila kungoja ubadilishe kishikilia.

Kwa watu, basi, roli. Sina ubishi. Lakini Thimlich Ohinga si mtu anayecheka. Ni kuta za mawe makavu, zilizojengwa pengine karne ya 16, bila udongo wala saruji ya kushikanisha. Mahali pengine zinafika mita 4 kwenda juu. Mafundi wake walipanga mawe ya nje na ya ndani, wakajaza katikati kwa mawe madogo, na milango wakaiacha mifupi ili anayeingia ainame. UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018, na tangu hapo picha zake zimekuwa nyingi. Nyingi zimepigwa na droni, kutoka juu. Unaona duara nzuri za mawe kwenye majani ya kijani, unapiga laiki, unapita.

Nina kinyongo na picha hizo, na si kwa sababu ni mbaya. Zinakuonyesha ramani ya mahali ambapo akili yake yote iko ndani ya ukuta. Siri ya Thimlich ni jinsi jiwe hili lilivyoegemea lile, pengo hili dogo likajazwa na kokoto ile, na mzigo ukashuka hadi chini kwa miaka mia kadhaa. Kutoka juu huwezi kuona jiwe likibeba jiwe. Hata picha bapa ya karibu hulifanya kuwa pazia lenye madoadoa. Stereo ingefaa hapa kuliko mahali pengine popote ninapopajua nchini. Simama mita 2 kutoka kwenye ukuta, umbali ambao lenzi zilizoachana milimita 65 zinaufanyia kazi vizuri, na kila pengo linakuwa pengo. Macho yako yanaingia kati ya mawe.

Stereo yenyewe ina historia chafu kwetu. Theodore Roosevelt alipokuja kuwinda Afrika Mashariki mwaka 1909, kampuni ya Underwood & Underwood iliuza Marekani kadi za stereo za safari hiyo, ili watu wakae sebuleni na kuona wanyama waliouawa wakiwa na kina. Kina kilitumika kuleta nyara karibu na kochi. Sioni sababu ya kuwaachia wao chombo hicho. Kinachoweza kumfanya nyati aliyekufa aonekane mzito kinaweza pia kuonyesha uzito wa kazi ya mjenzi.

Kwa kuta hizo nachagua vipande. Sababu ya kwanza ni ya woga: vipande havishiriki hatima. Roli moja ikivuja, jozi 6 zote zimekwenda. Kishikilia kimoja kikivuja, umepoteza vipande viwili, vingine viko salama. Kipande kina shida zake, na njia ya kutoka Migori kwenda Thimlich itakukumbusha zote. Vumbi likiingia kwenye kishikilia linaacha kidoa cheusi kwenye picha iliyochapishwa, na katika stereo kidoa hicho huelea hewani kama nzi. Ule ukanda wa mahameli mdomoni mwa kishikilia, unaozuia mwanga kifuniko kinapovutwa, huchakaa. Kabla ya safari lazima uvijaribu vyote: weka filamu, viache juani ukivigeuza pande zote, kisha safisha uone. Unapoteza vipande kadhaa. Mzee wangu wa Homa Bay angesema hizo ni gharama za koti.

Sababu ya pili ndiyo iliyonishawishi. Wapigapicha wa vipande wana desturi ya kukata pengo dogo kwa tupa kwenye ukingo wa kila kishikilia, kila kimoja kwa mpangilio wake. Mwanga ukipita, umbo la pengo hilo linabaki kwenye ukingo wa negativu. Baada ya miaka 50 mtu anaweza kuichukua negativu ile na kusema: hii ilitoka kishikilia namba 4. Akifungua daftari, namba 4 ilikuwa ukuta wa mashariki, saa nne asubuhi. Jina la picha halikuandikwa kwenye bahasha inayoweza kupotea, wala halimo kichwani mwa mtu. Limo ndani ya picha yenyewe.

Jaribu kufikiria Kanam kwa mgongo wa namna hiyo. Sisemi taya lingekuwa la kale kama Leakey alivyotaka. Watafiti waliokuja baadaye hawakukubaliana naye, na taya sasa halihesabiwi kuwa la kale kiasi hicho. Lakini tungejua mahali, na ubishi ungekuwa kuhusu mfupa badala ya kuwa kuhusu uaminifu wa mtu. Tena pale palikuwa na mengi ya kubishania. Rasi ya Homa imethibitisha kwamba mahali penyewe hapakuwa ndoto: Kanjera Kusini kumepatikana zana za mawe za miaka milioni 2 hivi, na mwaka 2023 jarida la Science lilichapisha habari za Nyayanga, ambako zana za kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3 zilikutwa pamoja na mifupa ya kiboko yenye alama za kukatwa. Leakey alikosea mfupa. Mahali alipatia.

Hata hivyo daftari na tupa havitoshi, na hapa narudi kwa wale wavuvi. Vile vigingi vilikuwa lebo pia. Tatizo lake ni kwamba viliandikwa kwa lugha ya watu wachache waliokuwa wameshapanda meli. Aliyebaki Kanam aliona chuma kizuri kimeachwa kwenye korongo. Kama wenyeji wangeambiwa kigingi hiki kinalinda nini, na wakawa na sababu ya kukilinda, Boswell angeweza kuongozwa hadi mahali penyewe na mtu yeyote wa pale. Katika hadithi nzima, watu wa Kanam ndio waliokuwa wakiishi hapo mwaka mzima, mvua na jua, na ndio pekee ambao hakuna aliyewapa kazi ya kukumbuka.

Kwa hiyo ninapokwenda Migori na vishikilia vyangu vilivyokatwa mapengo, nitafanya na jambo la pili. Kila jozi nitaitazama pamoja na watu wanaotunza pale na wanaoishi jirani, na jina la ukuta litaandikwa kama wanavyouita wao. Nakala ya daftari itabaki Thimlich. Nyingine nitarudi nayo Nairobi.

Na kwa wenzangu tunaohakiki, ombi dogo. Safari ijayo ukiandika kuhusu picha ya zamani ya Nyanza, uliza maswali yako yote kuhusu jicho. Ukimaliza, uliza na haya: filamu ilishikwa na nini, nani aliifungua na wapi, na jina lililoko nyuma ya picha liliandikwa na nani, lini. Pale Homa Bay niliuliza swali la kwanza tu, na mzee akaniuliza kama nilikuwa na koti.

Sikuwa nalo. Sasa ninalo, jeusi, la mtumba, nililinunua sokoni palepale Homa Bay. Wauzaji walicheka.